Nusu Saa Isiyo na Mzazi

"Nani alimpokea mtoto?" Inspekta aliuliza kwa mara ya tatu.

"Baba yake," alisema mhudumu wa chumba cha kusubiria cha stendi ya mabasi, aliyeitwa kabla ya zamu yake.

"Ulimwona?"

Mhudumu alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Alama yake hiyo hapo, afande. Dole gumba halisemi uongo."

"Dole gumba halisemi chochote. Nakuuliza wewe."

Daftari lilikuwa wazi kati yao, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Safu ya kwanza: aliyeleta. Safu ya pili: aliyepokea. Safu ya tatu: tarehe na saa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa. Mtoto ameletwa saa saba na nusu mchana, amepokelewa saa nane kamili. Alama mbili za wino wa zambarau, nzito, kama za mtu asiye na wasiwasi.

Leo ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Msichana huyo wa miaka saba, mwenye begi jekundu na pengo mbele, hakuwa kwa baba wala kwa mama. Jambo lililomkera Inspekta tangu alipokabidhiwa faili ni kwamba siku tatu nzima zilipita bila mtu kujua kuwa amepotea.

Wazazi waliachana miaka miwili iliyopita. Baba, fundi umeme, alipata kazi mji wa mbali, safari ya saa kumi na mbili kwa basi, akahama. Mahakama ikagawa: siku za shule kwa mama, likizo kwa baba, na makabidhiano yafanyike hapa, katikati ya njia, saa sita kwa kila upande. Makabidhiano ya kwanza yaliishia kwa ngumi mbele ya abiria, huyu akivuta mkono huu wa mtoto na yule ule. Hakimu akaongeza masharti. Anayeleta aondoke kwanza, anayepokea aje nusu saa baadaye, wasionane. Wasipigiane simu, mwenye neno alipitishe kwa shangazi wa mtoto. Kila mmoja aje mwenyewe na atie dole gumba, na atakayetuma mtu atapoteza zamu yake. Katika ile nusu saa, mtoto atakaa na mhudumu.

Kwenye karatasi ilikuwa kanuni nzuri. Inspekta, aliyelea watoto watatu na mume mmoja, alijua kuwa kanuni nzuri kwenye karatasi hutafutiwa mlango wa uani.

Jana jioni yule shangazi alimpigia mama kumjulia hali mgonjwa. Homa imeshuka? Mama akauliza, homa gani? Mtoto si yuko kwa baba yake tangu Ijumaa? Shangazi akasema kwa baba yake hajafika, si uliahirisha? Hapo ndipo simu zilipoanza.

"Nisikilize, mama," Inspekta alimwambia mhudumu. "Mtoto huyu ana kifafa. Anameza kidonge asubuhi na kidonge jioni. Mama yake humfungia vinne tu kwenye karatasi, viwili vya njia na viwili vya akiba, kwa sababu chupa nyingine iko kwa baba. Vimeisha Jumapili asubuhi. Daktari wake ameniambia siku ya pili bila dawa si ya kuhesabu siku, ni ya kuhesabu saa. Sasa tuanze upya. Ijumaa saa nane, nani alimchukua?"

Kitambaa kilisimama mezani.

"Mkewe," mhudumu alisema kwa sauti ndogo.

"Mke wa nani?"

"Wa baba. Yule mpya. Mama wa kambo. Mbona kila mara huja yeye, afande. Mtoto akimwona anamkimbilia. Ningesemaje?"

Nyuma ya Inspekta, Sajini alipiga kofi paja lake. Alikuwa mtu wa mji huu, mnene, mwenye methali nyingi kuliko kesi alizomaliza. "Nilikwambia ni upande wa baba. Na mama wa kambo juu yake. Kesi imejichinja yenyewe."

"Kisu usikishike kwanza."

Inspekta alitoa kioo cha kukuzia, akageuza daftari kuelekea dirishani. Kazini walimwita Kisiki, wakidhani hajui: ukimkwaa unaumia wewe, yeye haondoki. Alianza ukurasa wa kwanza, akaja mbele taratibu. Mwaka wa kwanza, alama za aliyeleta na za aliyepokea zilikuwa za watu wawili, dole dogo na dole pana, zikipishana safu mtoto alipokuwa akirudi. Halafu, likizo nne nyuma, dole dogo lilitoweka. Likizo hiyo hiyo lile pana nalo likatoweka.

Akarudia mstari wa Ijumaa. Akainama zaidi.

"Sajini, njoo uone. Safu ya aliyeleta. Kuna nini katikati ya alama?"

"Mstari mweupe. Umekata mshazari. Kovu."

"Safu ya aliyepokea."

Sajini alitazama. Akafuta kioo kwa shati, akatazama tena. Methali zote zilimkimbia.

"Dole ni moja," alisema.

"Aliyeleta ndiye aliyepokea. Likizo nne, kwenda na kurudi, na Ijumaa juu yake." Inspekta alifunga daftari. "Amejikabidhi mtoto mwenyewe mara tisa, na sisi tumempa wino."

Mhudumu alikaa chini bila kukaribishwa. "Haiwezekani. Anayeleta mimi simwoni. Saa nane kasoro robo ndipo naingia zamu. Kabla ya hapo yupo mwenzangu wa asubuhi."

Mwenzake wa asubuhi alikuwa kwenye korido akipiga deki. Aliitwa, akaja na ndoo yake.

"Ijumaa, nani alimleta mtoto?"

"Mama mdogo wake. Mdogo wa mama."

"Amevaaje?"

"Kitenge na kilemba, kama siku zote. Mpole. Husema asante hata kwa kuonyeshwa choo."

"Na wewe," Inspekta alimgeukia wa mchana, "mama wa kambo alivaaje?"

"Sweta la kampuni ya mabasi. Na nywele za kubandika, hizi ndefu."

"Choo kiko wapi?"

Wote wawili walinyoosha kidole kuelekea mlango ule ule. Inspekta aliunganisha vipande. Mwanamke alimleta mtoto akiwa na kilemba, akatia dole, akaaga, akaingia chooni. Robo saa baadaye zamu ya wahudumu ikabadilika. Saa nane akatoka na sweta, akamchukua. Mtoto alimkimbilia kwa kuwa alikuwa ametoka naye nyumbani.

"Si mtu wa kubahatisha huyu," Inspekta alisema. "Anajua saa ya kituo hiki kuliko meneja."

* * *

Kituo kidogo cha polisi cha stendi kilikuwa na vyumba viwili. Mama, mwalimu wa hesabu, aliwekwa ofisini. Baba aliwekwa kwenye stoo ya mizigo iliyopotea, kati ya masanduku yasiyo na wenyewe. Kila mmoja alisafiri usiku kucha kutoka upande wake, na kila mmoja aliapa kwenye maelezo yake kwamba alifuata amri ya mahakama neno kwa neno.

Inspekta alianza na mama.

"Ijumaa ulimleta mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nimeshaandika."

"Saa saba na nusu."

"Ndiyo."

"Mwalimu, Ijumaa saa sita ulikuwa unasimamia mtihani wa darasa la sita. Nimeongea na mwalimu mkuu. Ama unafundisha hesabu nisizozijua, ama umenidanganya."

Mama alikuwa mwembamba, mwenye nywele zilizosukwa vizuri mno kwa mtu ambaye hajalala. Alinyoosha mgongo. "Muulizeni aliyempokea. Mtoto yuko kwake. Nina ushahidi kuwa alikabidhiwa mkononi."

"Ushahidi upi?"

Mama alipapasa ukingo wa meza.

"Mimi si hakimu," Inspekta alisema. "Zamu yako sina haja nayo. Dawa zimeisha juzi. Ulimpa nani mtoto?"

Mama alitazama ukutani, mahali palipokuwa na kalenda ya mwaka uliopita. "Msusi wangu," alisema hatimaye. "Anapita njia hii kila wiki kuchukua mzigo wa nywele. Mtoto anampenda. Safari ya kwenda na kurudi ni saa kumi na mbili, na darasa la sita halifungi likizo, Jumatatu nina vipindi saba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Jana ulipojua mtoto hajafika, ulimpigia?"

"Kabla ya mtu yeyote. Akaniambia kwa utulivu kabisa: nilimkabidhi kwa baba yake, muulize yeye. Ndiyo maana nasema anaye. Anamficha ili anikomoe."

"Na kovu kwenye dole gumba?"

"La pasi ya nywele, alisema." Mama aligeuka. "Umejuaje?"

Inspekta alishatoka.

Kwenye stoo, baba alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri lifti. Alikuwa mpana, na kwenye mfuko wa koti kitu kilikuwa kimevimba.

"Toa mfukoni."

Ilikuwa chupa ya vidonge, imejaa. "Nimemletea dawa yake," alisema. "Mkimpata huko alikofichwa na mama yake, aipate."

"Weka mezani. Fundi, ulikuja Ijumaa?"

"Sikuja. Alhamisi niliambiwa mtoto ana homa, safari imesogezwa wiki. Nimeandika."

"Umeandika 'niliambiwa'. Nani alikwambia?"

"Ujumbe umefutika."

"Na mimi naona umefutika. Mara ya mwisho kutia dole kwenye daftari la stendi ni lini?"

Baba alikohoa. "Kuna mama mmoja wa kampuni ya mabasi. Alinikuta hapa nimechoka, nimekosa basi la kurudi, mtoto analia. Akasema yeye yuko njia hii kila wiki. Hakutaka hata nauli. Sikumtuma mtu, afande. Nilisaidiwa."

"Ulisaidiwa likizo nne."

"Mke wangu alisema ni bahati."

"Jana ulimpigia huyo mama wa kampuni?"

"Nilimpigia. Ndiye aliyenipa habari ya homa, na jana akarudia kuwa mtoto hakuletwa kabisa. Sasa nani mwongo?"

Inspekta aliandika mistari miwili. Kila mzazi alikuwa na shahidi wake wa siri, na kila mmoja alimficha kwa kuogopa kunyang'anywa zamu. Shahidi alikuwa mmoja. Alihitaji kitu kimoja tu ili afanye alichotaka: hawa wawili wasizungumze. Na hilo walimpa bure, kwa muhuri wa mahakama.

"Alikuwa akikufikishia mtoto saa ngapi?"

"Jumamosi, saa nne asubuhi. Kila mara."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. "Una hakika?"

"Namsubiri mwenyewe mlangoni."

"Daftari linasema amechukuliwa hapa Ijumaa saa nane mchana. Weka saa sita za njia. Angefika kwako Ijumaa hiyo hiyo, saa mbili usiku. Usiku wa kuamkia Jumamosi alilala wapi?"

"Kwa mama yake, si ndiyo? Niliambiwa siku hizi anamleta Jumamosi alfajiri."

Nje ya dirisha mpiga debe alikuwa akitangaza basi linaloondoka. Inspekta alimngoja amalize.

"Sajini," aliita. "Mlete mama huku."

Sajini alichungulia mlangoni. "Afande, amri ya mahakama inasema hawa wasikae chumba kimoja. Wahenga walisema, mafahali wawili—"

"Usinimalizie hiyo. Mahakama ikija, niiteni."

* * *

Mama aliingia, akamwona baba, akakaa kwenye sanduku la mbali kabisa na alipokuwa yeye. Hakuna aliyesalimia. Miaka miwili hawakuwa wamevuta hewa ya chumba kimoja, na ilionekana.

"Mnasikiliza," Inspekta alisema. "Msusi na mama wa kampuni ni mtu mmoja. Kila likizo, kwenda na kurudi, mtoto wenu alilala usiku mmoja pasipo kwa huyu wala kwa yule. Hivyo ni usiku nane kabla ya safari hii. Nataka kujua wapi. Mtoto wa miaka saba husema. Alisema nini?"

Mama alikunja mikono. Baba alitazama rafu.

"Vitu," Inspekta alisema. "Alirudi na kitu gani ambacho si chako, Mwalimu?"

"Gauni la njano," mama alisema, akimtazama Inspekta peke yake. "Limeshonwa vipimo vyake hasa. Mkewe alimshonea, ili anionyeshe kuwa mimi simvishi mtoto. Nililifanya tambara la kufutia ubao."

"Mke wangu hajui hata kutia uzi kwenye sindano," baba alisema, naye akimtazama Inspekta. "Mwambie."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo."

Baba aligeuka. "Hajui kushona," alimwambia mama.

Yalikuwa maneno yao ya kwanza katika miaka miwili.

"Na zile shanga?" baba akaendelea, sauti ikipanda. "Kila akija kichwa kimejaa shanga mpya, na ameambiwa asiruhusu mtu yeyote kuzifumua. Mke wangu alilia. Alijua ni wewe unamtuma."

"Mimi shuleni kwangu shanga haziruhusiwi. Namsuka mistari minne, basi."

Wakatazamana kwa mara ya kwanza. Inspekta alisogea katikati yao, si kuwatenganisha, ila ili aandike vizuri.

"Nyumba," alisema. "Aliwahi kutaja nyumba?"

"Ya kwake huyu," mama alisema. "Ile ya karibu na reli. Alisema treni ikipita vikombe vinacheza kabatini. Nikasema moyoni, hivi ndivyo alivyohamia, mtoto analala relini."

"Mimi nakaa mlimani," baba alisema polepole. "Reli haipo kabisa. Mimi aliniambia habari za njiwa. Njiwa wengi juu ya paa, na king'ora cha mchana, kikilia wanawake wenye makoti ya bluu wanatoka kula. Nilijua ni kwako. Nikasema ameona nini huko kwenye mtaa wa viwanda."

"Kwangu hakuna njiwa. Hakuna kiwanda."

Sajini alikuwa ameegemea mlango. Akajiondoa taratibu.

"Makoti ya bluu ni kiwanda cha sabuni," alisema. "Nyuma ya stendi hii. Reli inapita hapo hapo, na kando yake kuna nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Vyumba kama arobaini. Dakika kumi kwa miguu."

Mama aligeukia dirisha. Simu yake iliita juu ya sanduku. Akaitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Msusi," alisema.

Inspekta aliinua kidole kumwelekea baba: kimya. Akamwambia mama, "Ongea kawaida. Hujui kitu. Mrefushe." Akabonyeza spika.

"Haloo, dada," ilisema sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyepumzika. "Pole na mawazo. Jana sikulala kwa ajili yako. Nikaona nifunge safari niende mwenyewe kwa baba yake."

"Umefika?" mama aliuliza.

"Nimefika. Ulikuwa sahihi, mtoto yuko naye, alikuwa anamficha. Nimemsema sana. Amekiri, mwanamume wa watu. Yuko hapa kando yangu, anakusalimia."

Baba alishika ukingo wa rafu kwa mikono miwili. Sanduku moja lisilo na mwenyewe liliteleza. Sajini alilidaka kabla halijagusa sakafu.

"Msalimie na yeye," mama alisema. Inspekta aliona jinsi kucha zake zilivyozama gotini.

"Ila dada, dawa ya mtoto imemwishia. Chupa ya huku imevunjika. Nataka nimtume baba yake dukani akainunue, lakini jina hana kichwani. Unajua wanaume. Nitajie jina tu."

"Kwani ameanguka?"

Sauti ilisita kidogo. "Mara mbili. Ya leo asubuhi imekuwa ndefu. Lakini nimemlaza ubavu, kama ulivyonifundisha. Nitajie jina, dada."

Inspekta aliandika kwenye kiganja chake, akamwonyesha: *limeandikwa kwenye cheti, unakitafuta*.

"Ngoja nitafute cheti," mama alisema. "Kiko kwenye droo. Usikate."

"Sikati."

Ilikuwa saa sita kamili. King'ora cha kiwanda kikalia nje ya dirisha la stoo, kirefu, cha kutoboa masikio. Kikalia pia ndani ya simu, wakati ule ule, kikubwa zaidi. Nyuma yake yalisikika mabawa mengi yakiruka kwa pamoja.

Sauti ya simu ilinyamaza. Inspekta alijua kuwa mwanamke yule naye alikuwa amesikia kitu: king'ora chake, kwenye simu ya mtu aliyepaswa kuwa shuleni, mwendo wa saa sita kutoka hapo.

Laini ikakatika.

"Chupa," Inspekta alisema, akaichukua mezani. "Sajini, gari la hospitali lije nyumba za reli. Wengine tunakimbia."

* * *

Walikata uani mwa stendi, wakapita gereji, wakaruka mtaro. Wanawake wenye makoti ya bluu walikuwa wakitoka getini na vyombo vya chakula mikononi, wakawapisha. Baba alikuwa mbele. Mama alivua viatu, akavishika. Upande wa pili wa reli, nyumba zilijipanga mistari minne, zote za rangi moja iliyofubaa. Juu ya paa moja tu, la mwisho kabisa kuelekea reli, njiwa walikuwa bado wanatua.

Jirani aliyekuwa akianika nguo aliulizwa. "Mama na binti yake?" alisema. "Wapo ndani. Binti ni mgonjwa tangu jana. Walikuwa wasafiri jana, wakashindwa."

"Ana binti tangu lini?"

"Huwa anasoma bweni. Huja likizo." Jirani aliwatazama wawili waliokuwa wakihema nyuma ya Inspekta. "Nyie ni nani?"

Mlango haukuwa umefungwa. Inspekta aliusukuma kwa mguu, akaingia kwanza, akaona kila kitu kama alivyozoea, kutoka kushoto kwenda kulia. Cherehani, na kitambaa cha njano kimebaki chini ya sindano. Sanduku limefungwa, limesimama karibu na mlango. Juu yake, tiketi mbili za treni ya jana, hazijatobolewa. Kwenye fremu ya mlango wa ndani, mistari ya penseli ya kupima urefu, na tarehe kila mmoja, tisa, ikipanda. Mezani, madaftari mapya ya darasa la pili, kila moja na jina kwenye jalada. Halikuwa jina la mtoto waliyemtafuta.

Kama si kifafa, jana saa saba mchana wangekuwa wameshapanda treni, na mtoto mwenye jina hilo jipya angekuwa anatazama miti ikirudi nyuma.

Mwanamke alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda kidogo, kichwa cha mtoto mapajani mwake. Hakuwa na kilemba wala sweta wala nywele za kubandika. Alikuwa mtu wa kawaida sana, wa kupita naye sokoni mara kumi usimkumbuke. Simu ilikuwa sakafuni, uso chini.

"Msipige kelele," alisema. "Imemrudia tena, ndiyo kwanza inamwachia."

"Inua mikono niione," Inspekta alisema.

"Nikiinua, kichwa chake kitaanguka."

Ilikuwa kweli. Inspekta alipiga magoti, akaweka kiganja chake chini ya kichwa cha mtoto, ndipo mwanamke akaondoa wake. Dole gumba la kulia lilikuwa na kovu la mshazari. Inspekta alisikia pumzi ya mtoto: nzito, yenye kukoroma, lakini inaingia na kutoka. Akahesabu pumzi kumi. Ngozi ilikuwa na joto, rangi ilikuwa inarudi midomoni.

"Katika nyumba hii alikuwa na amani," mwanamke alisema. Hakumwambia mtu maalumu. "Hapa hakuna aliyemvuta."

"Utayasema kituoni."

Sajini aliingia akihema, akamshika mkono, akamtoa. Alikwenda bila kubishana. Mlangoni alipishana na wazazi, akawainamia kidogo kichwa, kama anavyofanya mtu anayekabidhi zamu.

Honi ya gari la hospitali ilisikika ng'ambo ya reli. Baba alikuwa upande huu wa kitanda, mama upande ule. Hakuna aliyemgusa mtoto. Kila mmoja aliinua mkono, akamwona mwenzake ameinua, akaushusha.

Mtoto alifungua macho. Alitazama dari kwanza. Akamtazama Inspekta, asimtambue. Akamwona baba. Akamwona mama. Akafumba, akafumbua, kama anayehakikisha hesabu, na hofu ikampanda usoni waziwazi, hofu ya mtoto aliyeona kitu ambacho hakijawahi kutokea bila vita kufuata. Mkono wake ulianza kulitafuta begi jekundu chini ya kitanda.

"Leo zamu ya nani?" aliuliza.

Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini walimsikia. Inspekta aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aanze.